Jani la Msasa na Kabini ya Faiba

Ukiliweka jani la msasa kati ya vidole viwili na kulivuta polepole, ngozi huhisi mkwaruzo kabla jicho halijaona sababu yake. Jani limejaa vinywele vifupi vigumu, juu na chini, na wataalamu wa mimea waliupa mti wake jina la Kilatini, Ficus exasperata, kwa ajili ya ukali huohuo. Maseremala wa pwani walilitumia kulainishia mbao kabla karatasi ya kusugulia haijafika kwa meli kutoka Ulaya, na karatasi hiyo ilipofika haikutafutiwa jina jipya. Iliitwa msasa, kama jani. Leo kijana aliyechuchumaa kando ya lori huko Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, akiomba msasa, anautaja mti ambao pengine hajapata kuuona. Naanza na neno hili kwa sababu ndani yake mna hoja yangu. Historia ya bodi za magari kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya vitu vinavyopakwa: vanishi, rangi, risasi, puti, faiba. Kila kimoja kilikuja na ahadi ya kupunguza kazi ya kusugua, au hata kuiondoa kabisa. Ninachodai ni kwamba kazi hiyo haikuondoka. Ilihamishwa tu, kutoka hatua moja kwenda nyingine na kutoka mikono ya mmoja kwenda ya mwingine, na lori kuukuu lenye kabini ya faiba ndilo linaloonyesha uhamisho huo waziwazi kuliko chombo kingine chochote cha barabarani.

Tuanze na mng'aro, maana ndio uliowavutia wanunuzi tangu mwanzo. Katika karne ya 19 magari ya farasi ya matajiri wa London na Boston, pamoja na mabehewa ya reli, yalimaliziwa kwa vanishi iliyopikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote kwa ugumu wake ilichimbwa Mrima, kwenye pwani inayotazamana na Unguja. Huo ni utomvu wa msandarusi uliodondoka, ukafukiwa na mchanga, ukakaa ardhini mpaka ukawa kama jiwe. Ulipelekwa Unguja, na huko majahazi ya Mrima yalikutana na merikebu za Salem, Massachusetts, zilizoleta kitambaa tunachokiita merikani hadi leo. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na Richard Burton, aliyepita Mrima mwaka 1857, aliandika kwa kirefu jinsi sandarusi ilivyochimbwa. Sandarusi ya ardhini hutoka na gamba la uchafu, na gamba hilo likiondolewa uso wake huonekana una vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ili kuufikia uso huo ilibidi ioshwe kwa magadi na kupigwa brashi, kazi iliyokuwa na kiwanda chake huko Salem. Kwa hiyo hata kabla haijayeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, mikono ilikuwa imekwisha kuisugua. Na ilipofika kwa mchoraji wa magari ya farasi, ilikuta kazi nyingine ya kusugua imefanyika. Mbao zilipakwa matabaka ya rangi nzito ya kujaza vinyweleo, kila tabaka likaachwa likauke, kisha likasuguliwa kwa jiwe jepesi la volkano na maji mpaka uso ukawa bapa. Vanishi ilikuja mwisho kabisa. Gari moja lilikaa kwa mchoraji wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa ya kungoja na kusugua. Vanishi huwa kama kioo juu ya kitu: haifichi bonde wala mkwaruzo, hukikuza kila kilichoachwa chini yake.

Karatasi ya kusugulia yenyewe ina historia ambayo vitabu vya magari huipitia haraka mno. Inasimuliwa kwamba Wachina wa karne ya 13 walibandika mchanga na makombe yaliyopondwa kwenye ngozi kwa gundi ya miti. John Oakey alianza kutengeneza karatasi ya vioo vilivyosagwa London mwaka 1833, na mwaka uliofuata Isaac Fisher wa Vermont akapata hataza ya namna yake nchini Marekani. Mwaka 1891 Edward Acheson, aliyekuwa akijaribu kutengeneza almasi kwa umeme, alipata badala yake kabaidi ya silikoni, chembe nyeusi ngumu ambazo zipo kwenye karatasi za kusugulia kwa maji hadi leo. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha kampuni ya Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1902 ili kuchimba korandamu, ikagundua kwamba mwamba iliokuwa imeununua haukuwa korandamu na haukufaa kusugua chochote. Ikabidi inunue chembe kutoka nje. Mwaka 1914 wateja walianza kulalamika kwamba chembe zinabanduka kwenye karatasi, na uchunguzi ukaonyesha kuwa shehena ya garneti kutoka Hispania ilisafiri melini pamoja na mapipa ya mafuta ya zeituni, yakavuja. Mafuta kidogo yakaharibu karatasi nzima, kwa kuwa gundi haishiki penye mafuta. Kila fundi wa bodi anaijua sheria hiyo kwa njia yake: usiguse kwa mkono wenye grisi pale unapotaka kupaka. Kampuni hiyo ndiyo inayoitwa 3M, na mwaka 1921, kwa uvumbuzi wa Francis Okie, ilitoa karatasi isiyoharibiwa na maji. Wateja wake wakubwa walikuwa viwanda vya magari, kwa sababu maji yaliliondoa vumbi hewani, na vumbi la rangi za wakati ule lilikuwa na risasi.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1923 DuPont ilitoa Duco, rangi ya kupulizia iliyokauka upesi kiasi cha kufupisha kazi ya wiki ikawa ya siku, na magari ya Oakland ya 1924 yalitoka kiwandani yakiwa na rangi ya buluu ya aina hiyo. Kwa masimulizi ya kawaida, hapo ndipo mwisho wa enzi ya kusugua. Lakini rangi ya haraka na karatasi ya maji zilikua pamoja, kwa sababu Duco ilikaa nyembamba, ikahitaji uso bapa kuliko wowote uliotangulia, kisha yenyewe ikahitaji kusuguliwa kwa dawa ya unga ili ing'ae. Kilichofupishwa ni muda wa kungoja. Mtu anaweza kunipinga kwa kunitajia Ford Model T nyeusi, iliyopakwa rangi yenye lami na kukaushwa kwenye tanuri bila anasa zote hizo. Nakubali kwamba gari hilo lilipunguza kazi ya kumalizia. Lilifanya hivyo kwa kuwa mnunuzi wake alikuwa amekubali kutodai uso laini, na mara wanunuzi walipoanza kudai rangi na mng'aro, Ford naye alihamia kwenye rangi za kupulizia mnamo 1926. Dai la ulaini liliporudi, msasa ulirudi nalo. Na ni katika karakana ya bodi mjini St. Paul, alikopeleka karatasi ya maji ijaribiwe, kijana wa 3M aitwaye Richard Drew alimsikia mpaka rangi akifoka kwa hasira kwa sababu gundi ya karatasi alizobandika ilikuwa imeibandua rangi mpya. Utepe wa kuzuia rangi aliouvumbua mwaka 1925 ulizaliwa humo, katikati ya ndoo za maji na watu wa kusugua.

Sehemu ya pili ya ushahidi wangu ni risasi. Bodi za chuma kitupu zilipochukua nafasi ya mbao, maungio ya mabati yalibaki na mifereji, na viwanda vyenyewe viliijaza kwa lehemu ya risasi kama asilimia 70 na bati asilimia 30. Fundi alilipasha bati moto, akaipaka lehemu ikiwa laini kama siagi kwa kibao cha mti mgumu kilichopakwa shahamu, kisha akainyoa kwa tupa. Hakuna aliyepaswa kuisugua kwa msasa, maana vumbi la risasi ni sumu. Ujuzi ulikuwa kwenye moto: joto likizidi, lehemu hutiririka chini, likipungua, haishiki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wakemia walikuwa na resini ya poliesta, na mwaka 1955 Robert Merton Spink wa Miami, mwanajeshi wa zamani aliyechoshwa na kuyeyusha risasi, alichanganya resini hiyo na unga wa talki akapata puti aliyoiita Bondo. Unachukua puti, unaitia dawa ya kugandishia, unapaka, na baada ya dakika chache imekuwa ngumu. Moto umeondoka, na kwa mapafu na damu ya mafundi hiyo ilikuwa neema ya kweli, sitaki kuidogosha. Lakini linganisha kinachofuata. Risasi hutoka kwa tupa kama nyuzi zinazong'aa na kuanguka chini. Puti, ikiwa haijakauka sana, hunyolewa kwa kikwaruzio chenye matundu kama cha kukwaruzia karoti. Ikikauka, njia ni moja, nayo ni kuigeuza vumbi. Ujuzi uliokuwa kwenye moto ulihamia kwenye msasa, na kwa sababu msasa unaonekana kazi rahisi, malipo hayakuhama pamoja na ujuzi.

Hapo ndipo faiba inapoingia, na ahadi yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwaka 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois huko Ohio, Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunga vipande vya kioo pale hewa ya mgandamizo ilipopiga kioo kilichoyeyuka na kukitawanya kuwa nyuzi nyembamba mno. Mwaka 1936 Carleton Ellis alipata hataza za resini ya poliesta, na vita vilivyofuata viliviunganisha vitu hivyo viwili katika vyombo vya anga na boti. Magari yalifuata. Chevrolet Corvette 300 za mwaka 1953 zilikuwa na bodi ya faiba kutoka ncha hadi ncha. Kwa malori, mji wa kuuangalia ni Sandbach, katika Cheshire ya Uingereza, uliokuwa makao ya kampuni mbili zenye damu moja: Foden, na ERF aliyoianzisha Edwin Richard Foden mwaka 1933 baada ya kutoelewana na ndugu zake waliong'ang'ania malori ya mvuke. Kampuni hizi zilitengeneza malori machache kwa mwaka. Kalibu za chuma za kugandamizia mabati ya kabini ni ghali kiasi kwamba hulipa kwa maelfu kwa maelfu tu, ilhali kalibu ya faiba inaweza kutengenezwa kwa mikono kama ya mjenzi wa boti. Ndiyo maana Foden S21 ya mwaka 1958 ilitoka na kabini ya faiba yenye mviringo ambao bati lisingeupata kwa bei ile, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ERF ilifuata kwa kabini zake za kioo kipana, na Scammell kwa kabini iliyosanifiwa na Mwitaliano Giovanni Michelotti. Faiba haili kutu. Hutoka kwenye kalibu ikiwa na rangi na ulaini wake. Kwa mara ya kwanza, ilisemekana, bodi ilizaliwa imekwisha kusuguliwa.

Hili ndilo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu, kwa hiyo nalijibu kwa kufuata kalibu inakotoka. Kabla ya kalibu kuna mfano wa kabini uliochongwa kwa mbao na plasta, ukubwa uleule. Mfano huo hujazwa, hupakwa, husuguliwa kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, hatimaye hupigwa nta mpaka ung'ae kama kioo, kwa sababu kila mkwaruzo utakaobaki juu yake utahamia ndani ya kalibu na kutoka kwenye kabini zote zitakazozaliwa humo. Ulaini wa kabini ya kiwandani ni jasho la watu waliosugua mara moja, likawekwa akiba ndani ya kalibu, na kila lori likachota humo. Akiba hiyo haimfikii mtu wa karakana. Kona ya kabini ikigonga nguzo, au tingo akiliachia boneti lianguke, sehemu iliyopasuka haina kalibu. Na hata viwandani ahadi haikutimia yote: bodi ya Corvette iliungwa kwa gundi kutokana na vipande vingi, na maungio yale yalibidi yasagwe na kusuguliwa kwa mkono kabla ya rangi. Leo Foden haipo tangu 2006, ERF tangu 2007. Mwenye lori la Sandbach aliyevunjikiwa kona hana dirisha la vipuri la kuulizia. Ana grenda, mkeka wa nyuzi za kioo, debe la resini, na msasa.

Inafaa kuiangalia kazi hiyo kwa karibu, maana ushahidi wa mwisho upo ndani yake. Faiba haibonyei kama bati. Hupasuka, na ufa unaoonekana kwa nje kama nyota ndogo mara nyingi ni mkubwa zaidi kwa ndani. Fundi anayepaka puti juu ya nyota hiyo atauona ufa ukirudi baada ya safari chache za barabara mbovu. Anayejua huisaga kwanza mpaka afike kwenye nyuzi nzima, kisha hulaza kingo ziwe mteremko mrefu mwembamba. Kanuni inayofuatwa sana ni upana mara 12 ya unene, yaani faiba ya milimita 5 hudai mteremko wa milimita 60 kila upande, ili kiraka kishike eneo pana badala ya ukingo. Mteremko huo unapopita kwenye rangi, huonyesha matabaka kama pete za shina lililokatwa: nyekundu ya mwenye lori wa kwanza, kijivu cha praima, kijani cha kampuni iliyolinunua, puti ya ajali ambayo hakuna anayeikumbuka, buluu ya juu. Hakuna daftari la karakana linaloeleza maisha ya lori kwa uaminifu kama ukingo huo uliosagwa. Kisha huja mkeka, tabaka juu ya tabaka, uliolowa resini yenye dawa ya kugandishia asilimia 1 hadi 2, na katika joto la Pwani fundi huipunguza, la sivyo resini huganda kwenye kopo kabla haijafika kwenye lori. Resini ya kawaida ya poliesta ikikauka hewani hubaki na utando unaonata juu, kwa sababu oksijeni huizuia kuganda sawasawa. Asiyeufuta kwa asetoni kabla ya kusugua atajaza msasa wake tope la gundi ndani ya dakika moja, na karatasi ndiyo imekwisha.

Baada ya hapo kazi ni ya namba. Kadiri namba ya msasa inavyokuwa kubwa ndivyo chembe zake zinavyokuwa ndogo: 40 kusawazisha kiraka, 80 kuchonga puti, 180 kuondoa mikwaruzo ya 80, kisha praima, kisha 320, kisha 600 kwa maji. Kila namba ina jukumu la kufuta alama za iliyotangulia, na anayeruka hatua huziona alama hizo zikichomoza chini ya rangi. Kwenye puti msasa hupigwa mkavu, maana talki hunywa maji na kuyaweka chini ya rangi. Maji husubiri praima. Karatasi haishikwi kwa vidole, kwani vidole vinne huchimba mifereji minne. Hufungwa kwenye ubao mrefu ulionyooka, na ubao hupelekwa mshazari, kulia kisha kushoto, mistari ikikatana. Fundi akitaka kujua mabonde yalipo, hupulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya kila kitu, kisha husugua kidogo. Vilele hung'aa haraka, mabonde hubaki meusi. Mwisho hufumba macho na kupitisha kiganja kizima, wakati mwingine juu ya kitambaa chembamba, kwa kuwa kiganja hulihisi wimbi ambalo jicho halilioni mpaka rangi ing'ae na siku imeshapita.

Wapo wanaosema mashine imemaliza mjadala huu. Kompresa na kisugulio cha kuzunguka vipo hata kwenye karakana za chini ya mwembe, na hufanya kwa dakika tano kazi ya saa moja. Kwa kuondoa rangi ya zamani na kusaga kiraka, ni kweli. Lakini sahani ya mashine ni ndogo kuliko mawimbi ya uso mpana, kwa hiyo hushuka nayo bondeni na kupanda nayo kileleni, ikalainisha bila kunyoosha. Ubao mrefu hulala juu ya vilele viwili na kuvila mpaka vilingane na bonde. Tofauti ya laini na nyoofu ndiyo tofauti ya mlango unaopendeza kivulini na mlango unaopendeza juani.

Pingamizi jingine linatoka ndani ya ufundi wenyewe, na ninaliheshimu zaidi. Wazee wa kunyoosha bodi husema fundi wa kweli hurudisha bati kwa nyundo na kitako, na kwamba puti ni njia ya kumdanganya mwenye gari. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Puti nene iliyopakwa juu ya kutu au juu ya ufa wa faiba ni udanganyifu, itapasuka, na wauzaji wengi wa puti wenyewe hushauri isizidi milimita 6 hivi. Lakini hoja yao ni ya bati. Bati hunyumbuka, kwa hiyo linaweza kurudishwa. Uzi wa kioo uliokatika haurudishwi na nyundo yoyote. Na hata kwa bati, viwanda vilivyojenga magari wanayoyasifu vilijaza maungio kwa risasi tangu siku ya kwanza. Huku kwetu hakuna aliyewahi kusema jahazi ni la uongo kwa sababu mbao zake zimekalafatiwa kwa pamba na kupakwa deheni ya chokaa na mafuta chini ya mkuku. Kujaza ni sehemu ya kujenga chombo. Swali la haki ni kama kilichojazwa kimeshikwa na kitu kizima chini yake, na kama kimesuguliwa mpaka kikawa kimoja na kilichobaki. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na malori yakalala kwa kukosa vipuri, haikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya kubadilisha na kukarabati. Madigadi, boneti na milango ilifanywa upya kwa kilichopo, na malori yaliyotoka kwenye mikono ile yalibeba mahindi na saruji. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kuuambia ulimwengu kwamba mafundi wa namna hii ni sehemu kamili ya uchumi.

Ndani ya karakana hizo, hata hivyo, daraja lipo wazi. Anayechomelea huitwa fundi. Anayepulizia rangi huitwa fundi, na ndiye mwenye gari anayemsifu siku ya kulichukua. Anayesugua ni mwanagenzi au kibarua wa siku, na ndiye anayekaa na kazi hiyo saa nyingi kuliko wote. Naliona hilo kuwa kosa la haki na pia kosa la historia, kwa sababu ndiye anayebeba hatari ambayo kila kemia mpya iliisukuma kwake. Ni vizuri kuwa wazi kuhusu hatari hiyo. Nyuzi za kioo za kutengenezea faiba ni nene, na zikikatwa huvunjika kwa upana, tofauti na asbestosi inayopasuka kwa urefu kuwa nyembamba zaidi. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema ushahidi hautoshi kuziita chanzo cha saratani. Zinawasha vibaya, na anayezijua huziosha kwa maji baridi, si ya moto. Lakini stairini inayovukizwa na resini ya poliesta iliwekwa na shirika hilohilo mwaka 2018 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Na vumbi linalotoka kwenye lori kuukuu si la faiba peke yake. Ni la zile pete zote za rangi, na rangi za njano na nyekundu za miaka ya 1960 mara nyingi zilikuwa na risasi, ileile ambayo karatasi ya maji ya 1921 ilibuniwa kuizuia isipande hewani. Kijana anayesugua mkavu akiwa amejifunga kitambaa cha fulana puani anavuta kitu ambacho viwanda vya Detroit vilikwisha kujua kukiepuka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Barakoa yenye kichujio cha kweli ni gharama ndogo ukilinganisha na debe moja la rangi, na mwenye karakana anayenunua rangi bila barakoa amefanya uamuzi kuhusu mapafu ya mtu mwingine.

Kiraka kilichofanywa vizuri nacho kina ukomo wake. Resini huendelea kukaza kwa miezi mingi baada ya kuonekana imekauka, na jua la mchana linapoipasha kabini kila siku, husinyaa kidogo kati ya uzi na uzi. Lori lililotoka karakanani likiwa kama kioo huanza, mahali palipozibwa, kuonyesha kivuli cha mkeka chini ya rangi: vijistari vinavyopishana, vyembamba kama nyufa za udongo mkavu, vinavyoonekana tu mtu akisimama pembeni na jua likiwa chini. Kiraka ni kizima na hakivuji. Mwenye lori hulirudisha, fundi hupitisha kiganja, na mwanagenzi hutumwa kuchota ndoo ya maji na kuleta karatasi mbili za namba 600.